Kukata kuku mzima kwa kisu kidogo: maswali mnayoniuliza kila siku

Huu mwaka wa 11 nakata kuku. Nilianza kwenye banda la kuku sokoni hapa Dar, nikiwa dogo wa kunyonyoa manyoya tu, baadae nikapewa kisu, alafu nikahamia jikoni mgahawani na siku hizi napika kwenye shughuli za watu, harusi, kicheni pati, ubarikio, chochote. Na kila nikikata kuku mbele za watu lazima mtu asogee aulize, na maswali ni yaleyale, sasa nimeamua niyaandike yote sehemu moja nikiulizwa tena nakutuma huku.

Ni kweli unamaliza kuku mzima bila kukata mfupa hata mmoja?

Karibu ndio. Ukitaka vipande 8 vya kawaida, yaani vipapatio 2, mapaja ya juu 2, mapaja ya chini 2 na kidari nusu mbili, kisu kinapita kwenye viungo na gegedu, mifupa inayokatwa ni vile vijimbavu vyembamba ambavyo hata mikasi ya jikoni inakata. Kidari chenyewe katikati kwa kuku wa kisasa bado ni gegedu kwa sehemu kubwa. Kwaiyo ukiwa unakata ukasikia kisu kimegonga kitu kigumu usiongeze nguvu, hiyo ni kuku anakwambia umekosea njia, rudi nyuma milimita chache tafuta tena.

Bibi yangu alikuwa hana hata ubao wa kukatia. Anakaa kwenye kigoda, kuku kwenye sinia, kisu kifupi cha mpini wa mti ambacho kimenolewa mpaka kimebaki chembamba kama jani la mchai chai, na kabla hajakata anaminya minya kwanza kwa kidole gumba. Nikamuuliza bibi unafanya nini, akasema natafuta mlango. Nilikuja kumuelewa nikiwa na miaka 20 na kitu, sokoni, baada ya kuharibu kuku wa watu wengi sana.

Sasa mbona kule sokoni wanakata kwa panga juu ya gogo na inaisha fasta?

Inaisha fasta kweli, na mimi nimefanya hivo miaka mitatu. Mteja ana haraka, nyuma yake kuna foleni, boss anakuangalia, unapiga panga pa pa pa dakika moja umemaliza. Ila panga haliulizi kiungo kiko wapi. Mfupa unapasuka vipande vipande vyenye ncha, vinaingia kwenye nyama, vinaingia kwenye mchuzi, na mtoto anakula wali anapata kijifupa kama sindano. Alafu ule uroto wa ndani ya mfupa unamwagika unafanya nyama karibu na mfupa iwe nyeusi ukishapika, watu wanadhani kuku hajaiva.

Ukinunua kuku sokoni mwambie kijana akuchinjie, anyonyoe, atoe utumbo, basi. Kukata kate nyumbani. Atakushangaa kidogo, hamna shida.

Nahitaji kisu gani? Nimeona watu wana visu vya laki mbili.

Huhitaji. Kisu cha urefu wa sentimita 13 mpaka 15, chembamba, chenye ncha, kinatosha kuku maisha yote. Wale wa bucha wana kisu chao cha kutolea nyama kwenye mfupa, bapa lake jembamba na ncha kali, hicho ndo kizuri zaidi. Wajapani wao wana kisu maalumu cha kuku kabisa kinaitwa honesuki, cha pembetatu, kigumu hakipindi, kizuri mno ila sio lazima. Kile kisu kikubwa cha mpishi nakitumia pale mwisho tu napopasua kidari.

Ogopa visu vya aina mbili. Cha kwanza kile chenye meno meno cha kukatia mkate, kinachana ngozi vibaya. Cha pili kile chepesi cha bati kinachopinda ukikibonyeza kidogo, kinateleza kwenye kiungo na mahali pa kwenda ni kidole chako.

Nakinoaje na mara ngapi?

Hapa ndo wengi wanafeli, mtu anajifunza mikato kwenye video wiki nzima na kisu chake hakikati hata nyanya. Ngozi ya kuku inateleza na inavutika, kisu butu kinaisukuma badala ya kuikata.

Kinoo cha pande mbili kinatosha, upande mmoja wa namba 1000 hivi kwa kunoa na mwingine laini zaidi, 3000 kwenda juu, kwa kumalizia. Loweka kama ni cha kuloweka, weka kitambaa chenye maji chini kisihame. Inua mgongo wa kisu kidogo tu, nyuzi 20 hivi, yaani ukitoa nyuzi 90 ukazigawa nusu, alafu nusu yake tena, uko karibu. Pitisha kisu chote kuanzia mpini mpaka ncha, mwendo uleule, pembe ileile, mpaka ukipapasa upande wa pili kwa kidole kwa uangalifu unahisi kama kuna ukingo umejikunja. Geuza. Huo ukingo ndo unakwambia umefika, watu wengi wanaacha kabla haujatokea wanasema kinoo kibovu.

Hauna kinoo? Geuza kikombe au sahani ya udongo, kwenye kitako kuna mduara ambao haung'ai, mkavu kama chaki. Unanoa. Sio vizuri kama kinoo ila usiku wa sikukuu maduka yamefungwa unakuokoa.

Na lile fimbo la chuma mnaloona wapishi wanapiga piga kisu kwa mbwembwe, lile halinoi, linanyoosha makali yaliyolala. Kisu kikishakuwa butu kabisa unapiga mpaka asubuhi. Mimi nanyoosha kila baada ya kuku wawili watatu, nanoa kwenye kinoo mara moja kwa wiki kwa sababu nakata wengi, wewe wa nyumbani hata mara moja kwa mwezi inatosha.

Kuku aoshwe kwanza au asioshwe?

Swali la ugomvi hili. Mamlaka za chakula za Uingereza na Marekani zinasema usioshe kuku mbichi, kwa sababu maji yanarusha bakteria kama Salmonella na Campylobacter kwenye sinki, kwenye vyombo, kwenye kachumbari yako pembeni, na vile vile bakteria hawafi kwa maji, wanakufa kwa moto. Ni kweli. Ila wenzetu wale wanamtoa kuku kwenye pakiti ya supamaketi ameshasafishwa, mimi kuku wangu ametoka sokoni ana damu, ana mabaki ya manyoya na mchanga, nimwache hivohivo?

Ninachofanya: naosha kwenye beseni sio chini ya bomba, maji taratibu, hakuna kurusha, namfuta na tishu za jikoni mpaka akauke kabisa, alafu beseni, sinki na mikono vinapigwa sabuni na maji ya moto. Kumkausha ni muhimu kuliko mnavyodhani, kuku mwenye maji anateleza na mkono unaoteleza ndo unaokatika. Limao na ndimu ni kwa harufu na ladha, haliui bakteria kiasi cha kukutosha.

Nikate akiwa wa moto ametoka kuchinjwa au wa baridi?

Wa baridi. Kuku aliyechinjwa saa hii bado yuko legelege na mafuta yake ni laini, unakata unajikuta unavuta ngozi tu. Saa moja au mawili kwenye friji mafuta yanaganda, ngozi inakaza, na ile mistari ya mafuta ambayo ndo ramani yako inaonekana vizuri. Wa friza myeyushe kwenye friji, kuku wa kilo moja na nusu anataka kama siku nzima. Usimkate akiwa nusu barafu. Kovu langu la kiganja cha kushoto linatokana na hilo, kisu kiligonga barafu ndani ya paja kikaruka.

Haya twende, nionyeshe mikato yenyewe.

Sawa. Ubao, kitambaa chenye unyevu chini yake, kuku chali, miguu inakuangalia wewe.

Anza na paja. Vuta paja nje kidogo mpaka ngozi kati ya paja na kidari ivutike kama turubai, ikate hiyo ngozi tu, na ukate ukiwa karibu na paja sio karibu na kidari, ili kidari kibaki na nguo yake, kidari bila ngozi kinakauka. Sasa weka kisu pembeni. Ndio, weka chini. Shika paja kwa mkono mzima, vidole chini ya mgongo wa kuku, likunje kwenda nje na chini mpaka usikie "tok" na ule mpira wa mfupa uchomoke kwenye kishimo chake uuone kwa macho. Huo ndo mlango wa bibi. Sasa chukua kisu.

Kabla hujapita, geuza kuku ubavu uangalie mgongoni, juu kidogo ya pale paja linapoungana. Kuna kinofu cha mviringo ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, kimelala kwenye kibonde cha mfupa. Wafaransa wanakiita sot-l'y-laisse, maana yake ni kama mjinga anakiacha pale, na ni kweli sokoni tulikuwa tunakiacha kila siku kwenye mgongo bila kujua. Ndo nyama tamu kuliko zote kwa kuku, nabishana na yeyote. Ingiza ncha ya kisu nyuma yake, ukikwangua kwenye mfupa, kitoke pamoja na paja, alafu pitisha kisu kwenye ule mlango uliofunguka, paja lote linabaki mkononi.

Kugawa paja: lilaze ngozi ikiwa chini. Utaona mstari mwembamba mweupe wa mafuta umepita pale kwenye goti. Kata juu ya huo mstari au upande wa paja la chini kidogo sana. Kikipita kama kwenye siagi, umepatia. Kikigoma, tikisa kisu kidogo kulia kushoto, kitajiingiza chenyewe. Hili kato dogo ndo linafanya watu waseme "aisee", na siri yake yote ni mstari wa mafuta ambao uko wazi pale kila siku.

Kipapatio: kivute mbali na mwili, minya kwa gumba kwenye kwapa, chezesha bawa uhisi kiungo kinachezea wapi, kata hapo ukizunguka. Wengine wanapenda kuondoka na kipande kidogo cha kidari ili mla bawa asijione kaonewa. Mimi kwenye shughuli nafanya hivo, nyumbani sifanyi.

Sasa umebaki na kidari na mgongo vimeshikana. Simamisha kuku shingo ikiwa chini. Pembeni kuna mstari wa mafuta unaoshuka kwenye mbavu, fuata huo pande zote mbili, kwa kisu au kwa mikasi, ukifika mabegani vifungue kama kitabu mpaka vikwanyuke, malizia kukata. Mgongo weka pembeni kwa supu.

Kidari kilaze ngozi chini. Kata kwa kisu kikubwa kwenye gegedu la katikati, weka kiganja juu ya mgongo wa kisu, bonyeza mara moja, usikate kate kama msumeno. Hapo una vipande 8. Kila nusu ya kidari igawe tena kati upate 10, na ndo navyoshauri maana nusu ya kidari cha kuku wa kisasa ni kubwa mno ukilinganisha na paja la chini, inachelewa kuiva.

Nikitaka kidari bila mfupa kabisa?

Usikitenganishe na mgongo kwanza, acha mzoga uwe ndo kishikio chako. Ila kabla ya yote toa kile kimfupa cha umbo la V kilicho mbele karibu na shingo. Kikwangue pande mbili kwa ncha, kichomoe kwa vidole. Ukikiacha kinazuia kisu na unaacha nyama nyingi kwenye mfupa. Alafu kata karibu kabisa na mfupa wa katikati, shuka huku kisu kinakwaruza mfupa, mkono mwingine unavuta nyama taratibu. Kuna kinofu kirefu cha ndani kinaachia kirahisi chenye kano nyeupe, ishike hiyo kano na tishu, kwaruza kwa kisu, inatoka.

Kuku wa kienyeji mbona anagoma?

Kwa sababu yule ametembea. Kuku wa kisasa anachinjwa na wiki tano au sita, mifupa yake haijakomaa, kiungo kinatoka kwa mkono mmoja. Wa kienyeji unaweza kuwa unakata jogoo wa mwaka mmoja na nusu, kano zake ni kama kamba za manila na gegedu la kidari limeshageuka mfupa. Minya ncha ya nyuma ya mfupa wa kidari, ikipinda kuku bado kijana, ikiwa ngumu mzee huyo, mpeleke kwenye sufuria ya kuchemsha usimpeleke jikoni kwa mkaa.

Viungo viko palepale, hilo lisikuchanganye. Tofauti ni kwamba kano inabidi uzikate kwa kisu moja moja kuzunguka kiungo kabla ya kukunja, ukikunja kwanza kwa nguvu unachana nyama. Na kidari usibonyeze na kisu cha heshima, toa nyama kwenye mfupa au tumia mikasi mizito. Chotara yuko katikati, mchukulie kama kienyeji mdogo.

Nina kuku mmoja na wageni 14. Nifanyeje nisiaibike?

Hili swali nalipenda kuliko yote, ndo maisha yetu haya. Unapata 16 bila kuvunja mfupa. Kila kipapatio kikate kiungo cha kwanza, mara mbili, tayari 4. Mapaja ya chini 2 yaache mazima, hayo ni ya wageni wa heshima au watoto wanaolia. Paja la juu lina mfupa mmoja tu unapita katikati, kata nyama ubavuni mwa mfupa, unapata kipande chenye mfupa na kingine steki, mara mbili ni 4. Kidari kila nusu mara tatu, 6. Jumla 16, na shingo na mgongo vimebaki kwa mchuzi kuwa na uzito. Ukikata kwa panga unaweza kupata hata 24 lakini nusu yake ni mifupa na wageni wanajua, hawasemi tu.

Robo ya chipsi kuku inakatwaje?

Ile ni hesabu nyingine. Kuku anapasuliwa nusu kwa nusu mgongoni na kidarini, alafu kila nusu inagawanywa kwa kufuata ule mkunjo kati ya paja na kidari. Ndo maana muuzaji anakuuliza "paja au kidari?" Mgongo unabaki umeshikamana na nyama, kwaiyo pale mfupa unakatwa kweli, na kisu kizito kina kazi yake. Ombi langu kwa wakaanga chipsi ni moja, mkikata paja pitieni juu zaidi ule mviringo wa nyama ubaki kwa mteja wa paja, maana mmekuwa mnampa wa kidari bila yeye kujua.

Kwa kuchoma mzima je?

Toa mgongo kwa mikasi, kata pande zote mbili kuanzia mkiani mpaka shingoni, fungua, mgeuze, bonyeza kifua kwa viganja viwili mpaka kilie. Ncha za vipapatio zifiche nyuma ya mabega zisiungue. Amekuwa bapa, anaiva sawasawa, kama dakika 40 hivi kwa mkaa wa wastani kwa kuku wa kisasa wa kilo moja na kidogo. Ukiwa na kipimajoto nyama nene ya paja ifike nyuzi 74 za Selsiasi. Mgongo, unajua unapokwenda.

Nimeona mpishi kwenye video anatoa mifupa yote na kuku anabaki mzima. Ni uchawi?

Huyo uwezekano mkubwa umemuona Jacques Pépin, mzee wa Kifaransa aliyehamia Marekani, kazaliwa mwaka 1935 Bourg-en-Bresse, mji wa eneo la Bresse ambalo kuku wake wa miguu ya bluu ni maarufu dunia nzima, yaani kijana wa Bresse kuwa fundi wa kuku ni sawa na kijana wa Mafia kuwa fundi wa pweza. Mikono yake haina haraka hata kidogo na ndo inatisha.

Ukiangalia vizuri kisu chake kinakata sehemu chache sana. Anachana ngozi mgongoni kutoka shingoni mpaka mkiani, anatoa mfupa wa V, anakata viungo viwili vya mabega, basi, kuanzia hapo anavuta kwa mikono kama unavyomvua mtoto sweta. Akifika mapajani anakunja viungo vitoke, anakata kano, mzoga wote unatoka. Vinofu vya ndani vya kidari vinabaki kwenye mzoga anavitoa baadae. Mwisho anakwangua mifupa ya mapaja. Unajaza wali, mchicha, maini, unachotaka, unafunga na uzi.

Nilijaribu mara ya kwanza ikanichukua saa nzima na kuku akawa na matundu matatu. Sasa hivi dakika 10. Usianze na huyu. Anza na vipande 8 mpaka vidole vijue njia gizani.

Na yule anayekata kwa sekunde 18?

Martin Yan, mpishi wa runinga mzaliwa wa China anayeishi Marekani, anasifika kwa hizo sekunde 18. Nimejipima, kuku wa kisasa, vipande 8, rekodi yangu ni dakika moja na sekunde 20 na nilikuwa natokwa jasho. Siku ya kawaida dakika 3. Mkijipima na saa kabla ya kuku 50 mtajikata, nasema mapema.

Nyongo imepasuka, nifanyeje?

Haraka kwenye maji mengi, saa hiyohiyo, alafu kata kabisa sehemu iliyopata rangi ya kijani, usibahatishe, tone moja linaharibu sufuria. Kuizuia isipasuke: kwanza kuku asile kwa masaa 8 mpaka 12 kabla ya kuchinjwa, maji apewe, ili gole (ule mfuko wa chakula shingoni) na utumbo viwe vitupu. Legeza gole upande wa shingo kwanza. Nyuma kata tundu dogo bila kuchoma utumbo, ingiza mkono ukipapasa dari ya kifua, zunguka, shika firigisi ambayo ni ngumu kama jiwe, vuta yote kwa pamoja taratibu. Ini likishatoka, kile kifuko cha kijani kikate pamoja na kijipande cha ini, usikivute.

Mapafu yale ya pinki yaliyonata kwenye mbavu yakwangue kwa kidole. Na juu ya mkia kuna tezi ya mafuta ya njano, ikate, ndo inaleta ile harufu watu wanasema kuku ananuka.

Firigisi ni ya nani?

Baba. Kwa Waluhya kule Kenya hili sio la mzaha kabisa, na kwetu nyumba nyingi hivohivo. Nachojua mimi fundi ni kuipasua ubavuni, kumwaga mchanga, kumenya ile ngozi ngumu ya njano ya ndani. Ikipotea njiani kati ya jikoni na sebuleni sihusiki.

Mikasi sio udanganyifu?

Hapana.

Natumia mkono wa kushoto, kuna tofauti?

Anza na paja la upande wako ulio rahisi, kuku ana pande mbili zinazofanana. Kisu tu uangalie, baadhi ya visu vya Kijapani vimenolewa upande mmoja kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia, hivyo vitakupeleka pembeni utadhani hujui kukata.

Nimejikata. Sasa?

Acha kuku. Osha jeraha na sabuni na maji yanayotiririka, maana kisu kilikuwa kwenye nyama mbichi, bonyeza na kitambaa safi dakika 10 bila kufungua fungua kuchungulia. Ikiendelea kutoka damu, ikiwa wazi sana au kidole hakikunjiki, hospitali, sio ndimu wala majivu. Na ukirudi jikoni mkono ule usioshika kisu usikae mbele ya makali, mara nyingi watu wanajikata wakiwa wameshika kuku upande uleule kisu kinakokwenda.

Kisu nikiweke wapi?

Popote ila sio kwenye droo ya vijiko, kinagongana na vyuma makali yanalala, na shemeji yako akiingiza mkono kutafuta uma utanipigia simu. Mimi changu kinalala kwenye boksi la karatasi nililokunja na kufunga na gundi, tangu sokoni.